Mwenye Sauti

Katika bonde lile la Uswidi, mkulima akitimiza sabini, mashine ya shamba hurithi sauti yake, naye hukatazwa na sheria kuita mifugo tena. Ragnhild alikuwa na mwaka mmoja tu tangu arithiwe sauti. Kila jioni spika ya paani iliwaita ng'ombe kwa wimbo wake mwembamba wa ujanani, nao wakashuka mlimani kengele zikilia.

Jioni moja spika ikanyamaza.

"Haya mama, waite mwenyewe," alisema bintiye Gunvor. "Nani wa kukushtaki? Vijiji vyote vimebaki na vizee vitupu."

Ragnhild akatoka mbio na aproni yake, akaita. Ng'ombe wakainua vichwa, wakamtazama, wakarudi kwenye majani yao. Akaita mpaka koo likakwaruza. Hata Dagros, ng'ombe aliyemlea kwa chupa, alimgeuzia mkia.

Gunvor akaangua kicheko. "Wamekusahau, mama!"

"Kitendawili," alisema Ragnhild.

"Tega."

"Ninacho changu, nikikitumia mimi hakitambuliwi."

Kabla Gunvor hajajibu, spika ikazinduka. Ng'ombe wakaanza kushuka. Kisha ikaita kwa upole, "Gunvor, mwanangu, njoo ule."

"Naam, mama!" akaitikia Gunvor, akakimbilia ndani.