Mafuta ya Kwato

Baba aliyamwaga mafuta yote shimoni nyuma ya zizi, akageuka huku na huku kuangalia kama kuna macho, kisha akalijaza kopo upya: spiriti, maji ya sabuni, na chai ya rangi kidogo ili yafanane na mafuta yenyewe. Farasi alimtazama huku akitafuna nyasi.

"Usinitolee macho, Mheshimiwa," alimwambia. "Ungekuwa na binti ungenielewa."

Akachuchumaa, akaanza kuzipaka kwato kwa brashi. Zilikuwa kavu tangu kiangazi kianze, na nyufa nyembamba zilipanda kutoka chini kama za kuta za nyumba kuukuu. Maisha yake yote ya kutunza farasi, kazi yake ilikuwa kutibu nyufa kama hizo: anaosha, anafuta, anapaka mafuta mpaka ukwato ulainike. Sasa alikuwa anafanya kinyume. Spiriti hukausha. Ukwato ukikauka hupasuka zaidi, na farasi mwenye kwato zilizopasuka vibaya daktari hampitishi kwenye mbio za kuruka vizuizi.

Hicho ndicho alichokitaka. Mwaka jana, katika mbio hizo hizo, mwanawe wa kiume alianguka kutoka mgongoni mwa Mheshimiwa na hakunyanyuka tena. Baada ya msiba, tajiri mwenye zizi aliposema farasi auzwe, baba aliangua kilio mbele za watu, yeye ambaye hakutoa chozi hata makaburini. Hapo hapo binti yake akasimama. "Asiuzwe," alisema. "Nitampanda mimi."

Baba alishindwa kumkataza. Aliona msichana amekaza uso, akajua anataka kumalizia alichokianza kaka yake, na nani angekuwa na moyo wa kumzuia? Akajifanya shabiki wake namba moja. Nyumbani, mkewe alimwambia bila kupandisha sauti: "Huyu naye ukiniletea kafunikwa shuka, usivuke mlango huu." Usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake akanunua spiriti.

Ikawa ndiyo mazoea. Kila jioni alilibeba kopo huku akipiga mluzi, ili binti amwone.

"Zinaendeleaje, baba?" binti aliuliza siku moja, ameegemea mlango wa zizi.

"Tunapambana nazo. Wewe usiwe na wasiwasi, mwanangu, mbio utashiriki tu."

"Na daktari akimkataa? Utaumia sana?"

"Sijui kama nitainuka tena," alidanganya, akaona amepatia kweli kweli.

Binti alimpapasa farasi shavuni, akaenda zake, na jioni ile hakugusa chakula. Mama alisema ni joto. Baba alijua ni kiherehere cha mbio.

Tatizo likawa kwato zenyewe. Jioni aliziacha kavu kama mkaa. Asubuhi alizikuta zinang'aa, nyufa zimetulia, na zizi lote linanukia mafuta. Akaongeza spiriti. Asubuhi zikang'aa zaidi. Akadhani anarukwa na akili, mpaka alipohamisha magunia ya pumba na kukuta kopo jingine la mafuta, limeshatumika zaidi ya nusu. Kwenye kifuniko palikuwa na kibanio cha nywele, kile cha binti yake.

Aliketi juu ya gunia. Kumbe anazitaka mbio hizi kufa na kupona! Anaamka gizani kabla ya watu wote, anapita mlangoni kwa mama yake kwa kunyata, anakuja kufuta hila za baba yake bila hata kujua ni hila. Alitamani alitupe kopo lile. Lakini kulitupa kungekuwa sawa na kujitangaza, hivyo akalirudisha lilipokuwa, akaendelea na lake. Baba na binti, mmoja jioni, mwingine alfajiri, na Mheshimiwa katikati akitafuna nyasi zake kama vile hayamhusu.

Siku ya mbio daktari wa mifugo aliinua ukwato mmoja baada ya mwingine, akagonga kwa nyundo, akapitisha kidole gumba kwenye nyufa. Baba aliomba kimoyomoyo kuliko alivyowahi kuomba.

"Nyufa za juu juu tu," daktari alisema. "Nani anazitunza? Hongera yake." Akagonga muhuri.

Baba alifunga mikanda ya tandiko, mmoja mmoja, taratibu. Binti alitoka na kofia ngumu kichwani, macho mekundu, akapanda. Kengele ya kuwaita ikalia. Mwambie sasa, baba alijisemea, mshike mguu umshushe. Lakini alipofungua mdomo yakatoka machozi tu.

Binti aliinama, akamfuta shavu kwa kiganja. Mkono ulinukia mafuta.

"Umefurahi, eh? Basi imetosha," alinong'ona, na farasi alikuwa ameshaanza kusogea kuelekea langoni. "Kila alfajiri nilipokuwa nazipaka nilimwomba Mungu daktari amkatae. Lakini nilivyokuona unavyohangaika na kopo lako, baba, ningekwambiaje kwamba naogopa?"