Toleo Halilingani

Kila mwaka watu wote walisasishiwa kiini, ile programu ya kichwani inayoendesha pumzi na mapigo ya moyo. Kumbukumbu zao, zilizohifadhiwa kama moduli, yaani vipande vya programu, nazo ziliundwa upya ili zikubaliane nacho. Elirehema, fundi cherehani wa Same, alisasishiwa Jumatatu. Moduli zake zote zilipakiwa isipokuwa moja.

"Toleo halilingani," mtaalamu wa zahanati alimwambia Nakijwa, mke wa Elirehema. "Nimeiunda upya mara tatu, kiini bado kinaikataa."

"Ina nini ndani?"

"Miaka sita. Ni ile ya mtoto wenu."

Nakijwa aliuliza kama haiwezi kulazimishwa.

"Inaweza, mama. Ila kiini kikigoma, moyo nao utasimama."

"Basi iache," alisema. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka kawaida, kama anayekataa sukari kwenye chai.

Nyumbani, Elirehema alimaliza chakula chote. Hakuwahi kula hivyo tangu walipomzika Nanzia, miaka miwili iliyopita. Alipiga mluzi akitia uzi kwenye cherehani, kisha akaiona picha ukutani.

"Huyu binti ni nani?"

"Ni Nanzia, mtoto wetu. Alifariki kwa homa ya uti wa mgongo."

Aliitazama picha kwa muda mrefu, akijaribu kumkumbuka. Halafu akamshika mkewe mkono kwa mikono miwili, kama wafanyavyo watu waliokuja msibani.

"Pole sana, mama," alisema. "Mungu akutie nguvu."

"Asante," Nakijwa alijibu, akaendelea kumenya ndizi.