Programu Isiyotaka Wenzake

Kompyuta ya mapokezi ilikwama tena. Piusi akaipiga kofi la mgongoni, kama anayemsaidia mtu aliyepaliwa na ugali.

Haikusaidia. Aliinuka, akachungulia barabara ya kutoka getini, akakaa, akainuka tena. Wageni walikuwa njiani kutoka kreta, na mama yake mdogo, Leonida, mwenye ile nyumba ya wageni pembeni mwa msitu wa Ngorongoro, alishasema lake: programu ya Piusi ya kupokelea wageni ikikwama mbele yao leo, yeye anarudia daftari, na Piusi anarudi kijijini Daa kupalilia maharage.

Kosa si la programu, Piusi aliapa. Kompyuta ni moja, wenyewe ni ukoo mzima. Goodness wa jikoni huacha tamthilia humo. Mlinzi huacha mpira. Na baba mdogo Valeriani, mume wa Leonida, kila jioni hufungua kitu chake, hupandisha sauti hadi mwisho, halafu huyo, anakwenda zake kunywa chai. Ajabu ni kwamba pale mapokezi hapakusikika hata mlio. Waya wa spika ulitokea dirishani, ukapotelea nyuma ya nyumba, kwenye mahindi.

Piusi alishamtania. "Ba'mdogo, unayapigia mahindi kwaya?"

"Yanapenda," Valeriani alijibu, wala hakucheka.

Labda kweli yalipenda. Majirani walishapoteza mashamba yao, mabua yamelala chini kama mikeka, wakawa wananong'ona kwamba Valeriani kafukia dawa shambani, maana kwake halikuguswa hata bua. Piusi aliwacheka wote. Mzee hana dawa, aliwaambia, ana uziwi tu.

Mchana ule aliiongezea programu yake amri moja: ikifunguka tu, ifunge kila programu nyingine iliyo wazi, bila kuuliza mtu. Kuuliza ndiko kunakochelewesha.

Jua lilipoanza kushuka, gari la watalii likakata kona. Piusi akajifuta viganja kwenye suruali. Leonida akaja kusimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Haya, mwanangu. Tuone."

Akabofya. Tamthilia ikafa. Mpira ukafa. Kile kitu cha baba mdogo kikapepesa mara moja, nacho kikafa. Programu ikafunguka nyepesi kama imeshushia soda baridi, ikameza majina ya wageni wote bila kukohoa. Leonida akampiga Piusi begani, akasema daftari atawashia moto jikoni.

Piusi akavuta pumzi iliyofika tumboni, ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo Valeriani alipoingia mbio, kikombe bado mkononi, chai imemlowanisha suruali. Hakumwangalia mgeni yeyote. Aliinamisha kichwa, akitega sikio upande wa shambani.

"Piusi," aliuliza kwa sauti ya chini, "nani amewanyamazisha nyuki wangu?"

Nyuma ya nyumba mahindi yalikuwa yameanza kuvunjika, na wageni wakagombania dirisha, kamera juu, wakihesabu tembo wasiosikia tena nyuki wa kuwakimbiza.