Damu ya Mzazi

Tabea alikiyumbisha kigae cheupe polepole, kama alivyofundishwa. Juu yake alikuwa amechanganya damu ya mzee kutoka Kikwe na maji ya damu ya binti yake, aliyekuwa wodini akivuja damu tangu ajifungue. Ndugu wengine waliikimbia sindano ya kutolea damu, akabaki baba.

“Nimemzaa mimi,” mzee alisema mlangoni. “Damu yangu itamkataaje, mwanangu?”

Mwalimu wa Tabea, Mwingereza, alibaki pembeni ya meza. Leo alikuwa akimtahini, hakuruhusiwa kumsaidia.

Tone likakatika vipunjepunje, kama maziwa yaliyoharibika.

Tabea alikiweka kigae mezani. “Haziendani, baba. Tukimtia hii, itamuua.”

“Na msipomtia?”

Mwalimu alimsogezea mzee kiti, akamshika bega. Kisha akamgeukia Tabea.

“Umefaulu,” akasema kwa sauti ya chini.