Nyuso Nne

Hidaya alimmalizia Nasra wanja, akampulizia taratibu ukauke. Wenzake watatu walikuwa tayari, wameketi kitandani na bahasha za vyeti mapajani. Wote walikuwa wameitwa kwenye usaili wa nafasi moja ya ofisa uhusiano, na tangu alfajiri walikuwa wakipokezana kiti mbele ya Hidaya.

“Shoga, umenifanya mkurugenzi kabisa!” Nasra akacheka mbele ya kioo. “Nikiipata, utanipamba kila Jumatatu.”

“Bure, kama kawaida yako,” mwingine akadakia. “Haya, twendeni. Hidaya, utufungie mlango.”

Hakuna aliyemuuliza kitu. Miaka mitatu walikuwa wamesoma naye darasa moja, lakini kwenye orodha ya walioitwa kila mmoja alikuwa amelitafuta jina lake tu.

Hidaya alifungua kikopo cha poda ya rangi yake. Yote ilikuwa imeishia usoni kwa Nasra. Akanawa uso, akajifuta kwa kanga, akachukua bahasha yake chini ya mto.

Ofisini, dada wa mapokezi alimtazama vidole vilivyobaki na wanja. “Umewaletea wenzako vipodozi?”

“Hapana, dada. Nami nimeitwa.” Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie.

Kwenye benchi, nyuso nne zilimgeukia kwa pamoja. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na juu yake mkoba wa Nasra. Hidaya alisimama, akasubiri uondolewe. Wanja ulikuwa umenyooka vizuri katika kila jicho lililomtazama.