Zamu ya Eufrazia

Kila Oktoba, katika jumuiya yetu ya Kikatoliki kijijini Zinga, sanamu ya Bikira Maria hulala nyumba hadi nyumba kwa zamu. Jioni ile ilikuwa zamu ya Eufrazia, mwalimu wetu wa katekisimu. Mwenyekiti wa jumuiya akaizuia mlangoni.

"Utusamehe, mwalimu. Zinga nzima inajua mwanao anapenda wanaume wenzake. Tunampeleka Mama kwa jirani."

"Mafundisho ya Kanisa nayajua. Nyote hapa nimewafundisha mimi, na sijafuta hata neno."

Eufrazia akaichukua sanamu mikononi mwa mwenyekiti, akaifuta vumbi la njiani usoni, taratibu, kwa ncha ya kanga.

"Lakini huyu Mama naye alisimama chini ya msalaba wa mwanawe, watu wakimzomea."

Akamwita kijana wake, akamkumbatisha sanamu.

"Haya, mwenyekiti. Mpokonye."