Ukuta Katika Njia ya Kiboko

Ukuta mpya wa nyumba ya Gad ulikuwa haujakauka, na kiboko alikuwa amesimama mbele yake, pua ikikaribia kugusa udongo.

Jirani, askari mstaafu, alikuwa amemwonya. "Wewe, hapa nani alikata majani? Hii barabara ya kiboko. Ukisimama kati yake na maji, anakuua."

"Kaka, iko na papier ya hii fasi?" Gad alimjibu, akimdai hati ya mahali hapo, akaendelea kukanda udongo. Tangu atoke Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, hakuwa ameona kiwanja kilichofyekwa vizuri namna ile.

Sasa kulikuwa kunapambazuka, naye Gad alikuwa akitoka ziwani na bidoni la maji begani. Ziwa lilikuwa nyuma yake, kiboko mbele. Jani refu lilining'inia mdomoni mwa kiboko, likipanda na kushuka kwa pumzi zake.

Turubai la mlangoni likatikisika.

"Gad," mkewe aliita kutoka ndani, "umeshaleta mayi? Nitoke nikutue?"

Akinyamaza, mke atatoka. Akijibu, kiboko atageuka na kumwona.

Gad aliliweka bidoni chini taratibu.

"Bakia mu nyumba," alisema kwa sauti kubwa.